Siku Tulipogeuza Vyoo vya Kambi ya Jasi

Siku ya kuagwa nilipewa saa ya ukutani, mke wangu akapewa kanga doti mbili, na hotuba zikawa nyingi kuliko pilau. Mwishoni nikaulizwa kama nina ombi lolote. Nikasema ninalo: nataka karatasi moja kutoka kwenye daftari la zamu la kambi ya jasi, la mwaka ule wa kwanza. Watu wakacheka wakidhani mzee ameanza vituko vyake. Sikuwa na vituko. Karatasi yenyewe iko hapa mezani ninapoandika, nimeikandamiza kwa glasi ya chai isipeperuke. Ninyi mnaobaki kazini nitawaeleza kwa nini niliitaka, ila nitaeleza kwa mpango wangu, kuanzia chini, kama tulivyokuwa tunajenga.

Mimi kwa asili ni seremala wa Milola. Nilikuwa natengeneza milango na vitanda, na nilijiona fundi hasa, mpaka siku nilipochukuliwa kibarua kwenda kusimamisha nyumba za wafanyakazi kwenye mgodi mmoja huko bara. Nyumba hizi ninyi mnazijua: zinakuja kwenye kontena zimelazwa vipande vipande, kuta kama mkate, bati huku, bati huku, povu katikati. Watu wa vijijini wakaziita maboksi, na jina likashika. Siku ile ya kwanza tulifungua kontena tukakuta karatasi ya maelekezo yenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, na picha za mtu anayeunga nyumba huku anatabasamu. Yule mtu wa kwenye picha hana jasho, hana vumbi, na paneli yake haijakunjika njiani. Mpaka leo natamani nimwone.

Nilipewa kona yangu na spana. Nikafanya kazi kiseremala, kila bolti ninayoitia naikaza mpaka ilie. Saa tano nikafika paneli ya mwisho. Haiingii. Nikaisukuma kwa bega, haiingii. Nikachukua nyundo.

"Weka nyundo chini," mtu akasema nyuma yangu.

Alikuwa Mzee Chande wa Kilwa Masoko, msimamizi wetu, mtu mfupi mwenye kofia ya kiua iliyofifia. Kumbe alikuwa amekaa pale muda wote anakunywa chai na kuniangalia ninavyojifunga mwenyewe. Akaniambia nilegeze nati zote, tangu ya kwanza. Zote! Nikalegeza kwa hasira mpaka adhuhuri. Halafu akaisukuma ile paneli kwa vidole viwili, ikaingia.

"Nyumba ya nati haikazwi mpaka isimame yote," akasema. "Acha kila kitu kicheze kidogo. Ukishapima kona kwa kona, namba zikalingana, hapo ndipo ukaze. Na mchoro usiuguse. Ukiona umekosewa, uliza."

Hayo ndiyo mafunzo yangu yote, na nimekula nayo mpaka nimestaafu. Mzee Chande alikuwa mkali, hasifii mtu, na ukimwamkia shikamoo asubuhi anakujibu marahaba huku macho yake yako kwenye pimamaji. Nilimpenda sana yule mzee. Alipofariki nilikwenda kumzika, na wanawe wakanipa kamba yake ya kupimia, ile yenye mafundo mekundu. Nililia barabara nzima kurudi.

Miaka ikaenda. Tumejenga porini sehemu nyingi, na kila mahali pana adabu yake. Kule Rondo shida ni upepo. Paneli moja ilitutoka mikononi ikapaa kama karatasi, ikatua juu ya mkorosho wa mtu, na mwenye shamba akaifanya ubao wa kuanikia. Hatukuwa na uso wa kuidai. Udongo mweusi nao ukinyeshewa unaondoka na nguzo zako, basi chimbeni mpaka mkute mgumu, msiwasikilize wenye haraka. Mipira ya madirisha msiiache juani. Na panya hula lile povu, msidanganywe na wauzaji.

Sasa nifike kwenye kambi ya jasi.

Ilikuwa porini, kwenye mgodi wa jasi, lile jiwe jeupe linalotiwa kwenye saruji, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Kiranjeranje. Nilikuwa msimamizi wa mafundi kumi na mmoja, wote nimewafunza mwenyewe. Kanuni yangu ilikuwa moja nayo inajulikana: mchoro hauguswi bila kuuliza. Bakari, mwenyeji wa palepale Kiranjeranje, baba wa watoto wawili na mkono mzuri kuliko wote, aliwahi kugeuza dirisha la bweni moja lisitazame upande wa vumbi. Wazo lenyewe halikuwa baya. Lakini alifanya kimyakimya, na bolti za ukuta wa pili zikakataa. Nikafungua daftari la zamu, ukurasa wa adhabu, mbele ya wenzake nikaandika: Bakari, siku tatu nyumbani, amegeuza mchoro bila kuuliza. Akasema, "Sawa, fundi," akachukua begi lake. Akaondoka akiangalia viatu vyake. Mimi nikajiona Mzee Chande wa pili.

Mwezi haukupita tukafika kwenye jengo la vyoo. Lilikuwa maboksi matatu makubwa ya chuma, kila moja vyoo vinne vya kuchuchumaa, yanakaa kwa mstari juu ya nguzo fupi za zege. Nikafungua mchoro. Ala! Milango yote kumi na miwili inatazama magharibi, na magharibi ndiko liliko bwalo la chakula. Yaani mtu anakula ubwabwa wake, akiinua macho anamwona mwenzake anatoka chooni anafunga mkanda. Nani anakula hivyo? Nikamwona aliyechora kuwa hana haya. Nikapiga vigingi upya na kamba ya Mzee Chande, nikalilaza jengo upande mwingine, milango itazame kusini, porini, watu wajisitiri. Sikumwuliza mtu. Nilimwambia tu mhandisi, binti mmoja wa kanda ya ziwa aitwaye Neema, kwamba nimerekebisha kidogo kwa ajili ya heshima. Alikuwa na simu sikioni, akaitikia kwa kichwa. Nikatembea kifua mbele wiki nzima. Kreni ikapanga maboksi, ikarudi Dar es Salaam. Kambi ikafunguliwa, watu mia moja na ishirini wa vijiji vya jirani wakaingia kulala. Sisi mafundi tulikuwa tumejichimbia choo chetu upande wa mahema, hatukuhama.

Wiki ya kwanza vyoo vilikuwa visafi. Nikafurahi. Wiki ya pili bado visafi, visafi kama vya dukani. Hapo mwenye akili angeshtuka, mimi nikasifu rangi. Wiki ya tatu afisa afya wa mgodi akaja amefura. Alikuwa ametembea porini hadi kijito wanachochota maji wanakijiji wa chini, na alichokikanyaga njiani sikiandiki. Watu mia na ishirini wanachukua makopo ya maji kila alfajiri na kuingia msituni, na vyoo kumi na viwili vimekaa bure.

Akaita kikao palepale uwanjani. Akasema, na maneno yale bado yananichoma, kwamba watu wa huku hawajazoea vyoo. Kwamba anatoa siku saba. Hali isipobadilika, anapendekeza kambi ihudumie wafanyakazi kutoka mikoa mingine, waliostaarabika, na wenyeji wasipewe kazi za kulala kambini. Kila mtu aliyesimama pale alijua maana yake. Mgodi ule uko mbali, asiyelala kambini hafanyi kazi. Nikawatazama watu. Wametazama chini. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikasema moyoni, wametutia aibu hawa, tumewajengea wamekataa.

Nikaenda jikoni kupoza hasira. Mpishi mkuu alikuwa Bi Somoe, mjane wa Kilwa Kivinje, rika langu na mtani wangu, mwanamke asiyemwogopa mtu.

"Umenuna nini, fundi? Kama umekuja kudoea kamba, hawajaiva."

"Nimekuja kukuuliza. Hawa watu wana nini? Vyoo vizuri vile!"

Akaendelea kukuna nazi. "Wewe unasali?"

"Loo, swali gani hilo? Nasali."

"Ukisali hapa kambini unaelekea wapi?"

Nikanyoosha mkono kaskazini. Kwetu huku hata mtoto anajua, kibla ni kaskazini, karibu sawasawa kabisa.

"Haya," akasema. "Sasa nenda kachuchumae kwenye choo chako, halafu uniambie kibla umekipa nini."

Jamani. Sikuhitaji kwenda. Nilisimama pale jikoni nikajiona nimechuchumaa, uso kusini kwenye mlango, na mgongo, na hayo mengine ya mgongoni, kaskazini. Baba yangu alikuwa mwalimu wa madrasa. Nilifundishwa kabla sijajua kufunga vifungo: ukienda haja usielekee kibla wala usikipe mgongo. Nimewafundisha wanangu. Na mimi huyu huyu nimepiga vigingi kwa mkono wangu, kwa watu mia na ishirini, vyoo kumi na viwili. Kwa kukimbia aibu ya bwaloni nikaangukia kubwa zaidi.

"Kwa nini hawakuniambia?" nikauliza.

"Wakwambie nini? Mtu mzima kama wewe, mtoto wa mwalimu, waje wakusimulie habari za chooni? Na tena," akaacha kukuna, "wewe unaulizika? Yule Bakari alipogusa dirisha ulimfanyaje?"

 Niliondoka moja kwa moja kwenda kumtafuta mhandisi.

Niliwakuta Mhandisi Neema na afisa afya chini ya turubai, na Bakari amesimama pembeni na bomba la michoro kwapani, alikuwa ameitwa kuonyesha njia za maji taka. Nikawaeleza habari ya kibla. Yule binti alikuwa Mkristo, hakuijua, lakini alisikiliza mpaka mwisho na nikaona uso wake unabadilika.

"Kwa hiyo hawajakataa choo," akasema. "Wamekataa upande."

"Ndiyo, mama."

Akamgeukia afisa afya. "Unaona? Hawa waliochora hawakuuliza watu wa hapa. Nitaandika hivyo makao makuu. Kosa ni la mchoro."

Nataka mnielewe vizuri hapa, ninyi vijana. Ilikuwa imekwisha. Ningekaa kimya tu, hakuna ambaye angenigusa. Aliyechora yuko ng'ambo ya bahari, hanijui wala simjui. Neema hakukumbuka ile kauli yangu ya heshima, alikuwa na simu sikioni. Mtu mmoja tu pale alijua, naye ni Bakari, na mchoro ulikuwa kwapani mwake. Nikamtazama. Hakunitazama. Alikuwa anaangalia viatu vyake kama siku ile alipochukua begi. Nikajua kwamba hatasema. Angenisitiri, na kesho angeniita fundi kama kawaida, na mimi ningejua na yeye angejua. Nikaona nikinyamaza nitakuwa nimemwibia zile siku tatu alizokaa nyumbani.

"Mchoro ulikuwa sahihi," nikasema. "Niliugeuza mimi. Sikumwuliza mtu."

Afisa afya akacheka kidogo, nadhani kwa mshangao. Neema hakucheka. "Unaweza kurudisha?" akauliza. "Kreni ilishaondoka, mzee. Kuiita tena ni zaidi ya wiki mbili. Tuna siku saba."

Hapo Bakari akanyanyua uso. "Tunaweza," akasema. Neno lake la kwanza.

Akatandaza mchoro juu ya meza, na ndipo aliponifundisha. Tukiurudisha ulivyo, milango itatazama bwalo, na watu wetu watakuwa wamepona kibla wamepata fedheha. Basi tusiurudishe, tuugeuze mgongo. Jengo likae kaskazini kwa kusini kama lilivyochorwa, lakini milango itazame mashariki, bwalo lipewe ukuta mtupu. Anayeingia hakielekei kibla wala hakipi mgongo, na anayekula anakula kwa raha. Nati zilezile. Yaani jibu lilikuwa hapo tangu mwanzo. Ningemwuliza mtu yeyote yule, lingepatikana kabla chai haijapoa.

"Mhandisi, tunaruhusiwa?" Bakari akauliza, akinikazia mimi macho.

"Mnaruhusiwa," akasema Neema, akaweka sahihi pembeni ya mchoro.

Tukalegeza nati zote, kama siku yangu ya kwanza. Maboksi tukayatenganisha, mabomba tukayakata chini. Tukaazima jeki sita za malori na mabomba ya chuma ya wachimbaji. Unanyanyua boksi kwa jeki, unaingiza mabomba chini yake, unashusha, halafu unaliviringisha taratibu huku wengine wanayatoa mabomba nyuma na kuyakimbiza mbele. Nguzo mpya za zege zingehitaji siku zake kukauka, nasi hatukuwa nazo, kwa hiyo tukapanga magogo makavu ya msufi pori. Hayakufaa, yalibonyea siku ileile, na hilo nalo liandikeni. Tukayatoa tukapata ya mninga, yakatulia, na za zege tukamwaga baadaye.

Siku ya pili tulikuwa mafundi kumi na wawili peke yetu. Siku ya tatu zamu ya asubuhi ilipotoka machimboni, watu wakiwa weupe kwa vumbi la jasi kama waliopakwa unga, wakasimama kututazama. Habari ilishawafikia, jikoni kwa Bi Somoe hakukai siri. Akatoka Mzee Kaisi, mlinzi wa stoo ya mafuta, mwenye maneno machache kuliko wote, akavua koti akashika kamba. Halafu wakaja wengine ishirini, halafu sikuhesabu tena. Mtu mmoja akaanzisha wimbo wa kuvuta, una matusi ya kistaarabu kuhusu fundi asiyejua kaskazini. Nikaitikia kiitikio kwa sauti kuliko wote. Nilikuwa na aibu, na nilikuwa na furaha, vyote kwa pamoja, sijui kama mtanielewa.

Siku ya sita saa nne asubuhi tulipima kona kwa kona, namba zikalingana, tukakaza. Maji yakafunguliwa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza mbele za watu, kila mtu akajifanya ana shughuli. Mwisho Mzee Kaisi akachukua kopo lake kwa mazoea, akaenda mpaka mlango wa nne. Akasimama, akatazama jua, akatazama kivuli chake, akaingia. Tukangoja watu wazima na heshima zetu, kama tunangoja mtoto azaliwe. Akatoka, akanawa mikono polepole.

"Sasa ni nyumba," akasema, akarudi kwenye stoo yake.

Afisa afya alikwenda kijitoni wiki iliyofuata, akarudi na viatu visafi. Namheshimu kwa jambo moja, aliita tena watu uwanjani, palepale, akaomba radhi kwa maneno yake. Watu mia na ishirini walibaki kambini, na sasa ni zaidi, na baadhi yao ndio ninyi mnaosoma hapa.

Jioni ile ile ya siku ya sita nilichukua daftari la zamu nikampa Bakari na kalamu. Nikamwambia aandike. Akasema, "Fundi, hapana, hii haina haja." Nikamwambia, "Uliandikwa wewe kwa dirisha moja. Mimi ni vyoo kumi na viwili. Andika, mbele yao." Akaandika.  Nikachukua begi nikaenda zangu Milola. Mke wangu aliponiona mlangoni akauliza kama naumwa, nikamweleza, akacheka mpaka akakaa chini. Siku tatu nilichimba choo kipya nyuma ya nyumba, na yeye alisimama juu yangu kuhakikisha upande.

Niliporudi kambini Bakari alikuwa ndiye anayepiga vigingi vya bweni la mwisho. Kabla ya kila kigingi alikuwa anaita mtu, mpishi, dereva, yeyote, anauliza: hapa pakikaa hivi, mtaishi? Sikumnyang'anya kazi ile. Nikachukua spana nikaenda kwenye kona aliyonipangia.

Hiyo ndiyo karatasi iliyo mezani kwangu. Wino wa mstari wa kwanza ni wangu, wa siku ile ya dirisha. Chini yake, kwa mwandiko wa Bakari, pameandikwa: Fundi Athumani, siku tatu nyumbani, amegeuza mchoro bila kuuliza. Na chini yake tena kuna mstari ambao sikuujua mpaka siku niliyoagwa, maana aliuandika nilipokuwa Milola nachimba, na hakunionyesha miaka yote hiyo: Amesema mwenyewe. Akirudi, apokewe begi.

Na kweli, niliporudi, kuna mtu alinipokea begi langu getini. Nilidhani ni adabu tu.